Mwali Hayumo Ndani

— Bi Chausiku, shikamoo. Mwanamvua yumo ndani?

— Marahaba. Yumo, amelala.

— Saa tatu ya asubuhi, siku ya harusi yake?

— Mwali hulala, mwanangu. Na wewe bwana harusi umefuata nini uani kwa watu? Toka, usije ukaonekana!

Bwanausi hakutoka. Alimkazia macho yule mama, na Bi Chausiku, ambaye ndiye somo aliyekabidhiwa mwali amtunze ndani mpaka siku ya ndoa, akaanza kuchezea pindo la kanga yake. Mwisho akachomoa kikaratasi kifuani.

"Bwanausi, sikukukimbia. Mtihani ni saa tatu mpaka saa sita. Basi la saa saba litanirudisha kabla ya alasiri. Nilikuomba siku moja tu, ukaninyima. Mwanamvua."

Bwana wa watu akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

Tuseme ukweli, jamani, haya yote yaliletwa na mwezi. Mwanamvua alikuwa karani wa bima Dar es Salaam, na kwa miaka miwili, kila akitoka kazini, alikuwa akijisomea mtihani wa hesabu za fedha unaotungwa Uingereza: riba juu ya riba, na shilingi utakayolipwa baada ya miaka ishirini ina thamani gani leo. Ofisi hailipii ada ya mtihani mmoja mara mbili. Akiukosa huu, anarudi kwenye taipureta na habari imekwisha. Binti alihesabu vizuri sana. Harusi ilipangwa siku ya sita ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na kalenda ya ofisini ikasema hiyo ni Jumatatu. Mtihani ni Jumanne, na Bwanausi aliahidi kumpeleka mwenyewe. Kumbe mwezi haukuisoma ile kalenda! Siku ya ishirini na tisa watu walikodoa macho wee, hawakuuona, Ramadhani ikatimia thelathini, na harusi ikaangukia Jumanne ile ile.

Akamwomba Bwanausi awaambie wazee waisogeze siku moja. Na Bwanausi, mwalimu wa hesabu, yeye aliyekuwa akimtungia maswali ya mazoezi na kumpelekea dirishani tangu awekwe ndani, akajibu: "Wageni wameshatoka Pangani. Nitaanzaje kumwambia ami? Fanya mwakani." Hapo ndipo alipoharibu.

— Nani mwingine anajua? aliuliza sasa.

— Mimi, wewe na Mungu.

— Na basi likichelewa? Mashahidi watakuja mlangoni kumuuliza kama ameridhia.

— Waulize watakavyo. Mwali akinyamaza ameridhia, sote tunajua. Na chumba kitupu hakisemi.

— Bi Chausiku!

— Ulitaka nimfunge kamba? Mtoto kalia siku tatu, na aliyemliza ni wewe. Haya, toka!

Alasiri ikasaliwa, basi halijaonekana. Barazani kwa Mzee Msabaha, baba wa bibi harusi, watu wamejaa hadi njiani. Mashahidi wawili waliingia ndani, wakarudi.

— Tumemuuliza mara tatu, amenyamaza.

— Basi karidhia, alisema Shehe Mwishehe. Msabaha, mshike mkono mkweo.

Mzee Msabaha akamshika. Neno moja tu lilikuwa limebaki, Bwanausi aseme "nimekubali", na siri ingeishia pale. Lakini aliona anaozwa mlango. Alimpenda sana yule binti, na mara ya kwanza alipomwomba jambo hakumsikiliza. Leo tena amwoe bila kumsikia? Akauvuta mkono wake.

— Shehe, mniwie radhi. Mwali hayumo ndani.

Ami yake Bwanausi, Mzee Salumu, aliyemlea tangu babake afariki, akainuka.

— Katoroka?

— Hakutoroka, ami. Yuko Dar es Salaam kwenye mtihani.

— Mtihani gani siku ya ndoa yake?

— Hesabu za riba.

— Lahaula! Mwali katoka ndani akafanye mtihani wa riba! Jamaa, twendeni zetu!

— Ami, aliniomba nije niwaambie msogeze siku moja, mimi nikaogopa. Kosa ni langu, nigombeze mimi.

— Na leo hukuogopa kutuaibisha?

— Naogopa hata sasa. Lakini nampenda, na sitaki kumwoa bila yeye kusema. Mkiondoka nitamsubiri peke yangu.

Mzee Msabaha alikuwa ameinama, haya zimemshika. Shehe Mwishehe akakohoa.

— Salumu, kaa kitako. Kuijua hesabu ya riba si kula riba. Na mtu asiyekuwepo hawezi kuulizwa. Tutamngoja mpaka magharibi. Asipofika, ndoa hakuna, kila mtu kwake.

Wakangoja. Biriani ikapoa, kahawa ikazungushwa mara tatu, na Ami Salumu akakaa amempa Bwanausi mgongo. Muda mfupi kabla ya adhana, lori la nazi likasimama mbele ya nyumba. Basi lilikuwa limekatika springi njiani, huko Kerege. Mwanamvua akashuka, buibui limejaa vumbi, akasema "shikamooni" bila kumtazama mtu, akapita ndani. Shehe akaenda mwenyewe mlangoni.

— Mwanamvua binti Msabaha, umeridhia kuolewa na Bwanausi?

Kimya.

— Umeridhia?

— Shehe, kwanza niambie. Nani aliyesema kwamba simo?

— Bwana harusi mwenyewe, mbele ya watu wote.

Huko barazani Bwanausi roho ilikuwa mkononi, maana alijua katoa siri ya binti wa watu hadharani, na binti huyo ana haki ya kukasirika.

— Nimeridhia, ilisema sauti ya Mwanamvua, kubwa hata wapishi wa uani wakaisikia. Na mashahidi waandike kwamba nimesema kwa kinywa changu.

Ami Salumu alicheka kabla hajajizuia.

— Haya, mpeni mkono huyo. Magharibi inatukuta hapa!

Ndoa ikafungwa, vigelegele vikapigwa, na Bwanausi akaingizwa chumbani kwa mkewe.

— Ulimaliza maswali? ndilo neno lake la kwanza.

— Saba katika manane. La nane nilikuwa nawaza kama utaniacha.

— Mbona hukuniaga?

— Ungeogopa.

— Kweli, ningeogopa.

— Na leo barazani?

— Leo niliogopa zaidi kukukosa.

Mwanamvua akaketi karibu yake.

— Basi sikia, mume wangu. Huu ni wa kwanza tu. Imebaki mitihani minane, na wa pili ni Aprili.

Bwanausi akavuta pumzi.

— Kesho asubuhi nakwenda kumwambia ami, alisema. Kabla hajanywa chai.