Kadi ya Mama na Ushauri wa Mjomba

Kila jioni akitoka shule, Ivyne alivua viatu mlangoni, akanywa uji, kisha akaketi kando ya cherehani kukata nyuzi. Nyumba yao ya Kabiria ilikuwa chumba cha kulala, jikoni na kiwanda, vyote mahali pamoja. Mama yake, Nakhumicha, alishona sare za shule. Vitambaa alivinunua Mtaa wa Biashara, katikati ya jiji, kwa kadi ya mkopo ya benki: anachukua mali leo, analipa hesabu ya mwezi ikija. Kwa kuwa mikono yake haikutoka kwenye cherehani, kazi ya kulipa kwa simu ilikuwa ya Ivyne.

"Ivyne, hesabu ya kadi imekuja. Pesa iko kwa simu. Lipa leo."

"Sawa, Mama."

Mjomba Lenox, ndugu ya Mama, alikuwa amejinyoosha kitini akingoja chai. Mama alipotoka kuchota maji, Lenox alicheka. "Ati leo? Kulipa mapema ni kumlishia tajiri kuku wake! Ngoja siku ya mwisho, jioni, kama Mkenya."

Huyu Lenox! Leseni, kadi ya kura, kodi, vyote alivifuata siku ya mwisho, akasimama foleni juani akiitukana serikali. Lakini Ivyne alimwona mjanja. Mama alipouliza, "Umelipa?" alijibu, "Nimelipa." Akalipa jioni ya siku ya mwisho. Mwezi uliofuata akafanya vivyo hivyo, na uliofuata pia. Ujumbe wa faini ulipoingia kwenye simu, aliufuta upesi.

Kisha shule moja ya Muthangari ikampa Mama kazi kubwa: sare za watoto wote, kabla ya Januari. Alihitaji ovaloki, mashine ya kufunga kingo za nguo zisitoke nyuzi. Akaomba mkopo, akaenda na Ivyne kuchukua jibu kwenye benki iliyo karibu na Adams Arcade.

"Ombi limekataliwa, Mama," alisema Muthama, karani wa mikopo. "Alama zako za ulipaji wa madeni zimeshuka. Umechelewa kulipa kadi miezi mitatu mfululizo."

"Nani? Mimi?" Nakhumicha alisimama, na foleni nzima ikageuka. "Mama yangu alikuja kuomba mkopo mjini humu, akaambiwa arudi na mume wake. Sijasahau! Niliapa mimi hawatanipata na kosa. Nimelipa mapema, na shahidi huyu hapa. Sema, Ivyne!"

Ivyne alitazama vigae vya sakafu. Angeweza kunyamaza, na mama yake angeendelea kumtetea mbele ya watu wote hao.

"Sikulipa uliponituma, Mama. Nilingoja jioni ya siku ya mwisho. Faini zilikuja... nikafuta ujumbe."

"Na pesa ya jioni huingia kesho yake," Muthama aliongeza. "Ikiwa wikendi, Jumatatu. Kwetu huko ni kuchelewa."

Mama alimkazia mtoto macho. "Wewe tutaongea nyumbani." Kisha akamgeukia karani. "Na nyinyi! Habari hiyo ya kesho yake mliniambia lini?"

"Iko kwenye mkataba."

"Kwa herufi kama mayai ya chawa! Siku ya kunipa kadi mlinipa soda na biskuti. Mbona hamkunipa na habari hiyo?"

Mtu mmoja kwenye foleni alipiga makofi. Muthama akavuta kiti. "Keti, Mama. Tulipaswa kukueleza." Akaeleza: hesabu ikifika, lipa yote, si kile kiasi kidogo cha chini kinachoruhusiwa. Lipa siku kadhaa kabla ya siku ya mwisho. Fanya hivyo kila mwezi, alama zitapanda polepole. Njia ya mkato hakuna.

Nyumbani, Ivyne alipotaja ushauri wa mjomba, Lenox alishangaa. "Dada, hasira za nini? Si pesa ililipwa?"

"Vua koti," alisema Mama, akampa sindano.

Likizo yote Lenox na Ivyne walifunga kingo za sare kwa mkono. Lenox alijichoma vidole, akalaani.

"Laani," alisema Mama, "lakini kingo zinyooke!"

Sare zilifika Muthangari shule ikifunguliwa. Tangu hapo, Ivyne alilipa hesabu ilipokuja na kumwonyesha Mama ujumbe wa benki. Likizo ya Agosti, mkopo ulikubaliwa. Lenox ndiye aliyebeba ovaloki hadi ndani.

"Sikilizeni nyote wawili," alisema Mama, bado ana moto. "Benki haijui ninaamka saa ngapi, wala jinsi mgongo unavyoniuma. Inajua tarehe tu. Basi tusiwape tarehe ya kutushikia! Na wewe Ivyne, benki hukuidanganya, ulinidanganya mimi. Ukweli nao ni deni, ulipe mapema. Na mtu akikupa karatasi ya kutia sahihi, muulize hadi achoke. Anayefaidika na ukimya wako hatakuja kukuamsha."

Simu ikalia. Hesabu ya kadi ilikuwa imefika.

Kabla Mama hajafungua kinywa, Lenox aliruka kitini. "Ivyne, weka uji chini! Lipa!"