Koroboi ya Mdogo Wake

Jua lilikuwa linatua Wagiran alipotoka kwenda kuwasha taa ya mnara. Akasita mlangoni. Chini ya mkadi mchanga ulikuwa umefukuliwa, na chungu alichokizika juzi kilikuwa kitupu. Kifuniko kimelazwa pembeni, kizima.

"Kenge hao," akasema.

Kisiwa kilijaa kenge, na kaa wa nazi wenye magando ya kupasulia dafu. Lakini lini kenge akafunua chungu kistaarabu namna ile?

Tumirah, mama mkwe wake, aliyevuka bahari kuja kumzalisha bintiye, akachungulia shimoni.

"Koroboi uliwasha?"

"Mafuta yamebaki ya kupikia tu, Mama. Mashua ya posho haijaja. Na taa yote ile..." Akaunyoshea mnara kidole. "Nilimwambia kabisa. Taa yako ile pale juu."

"Ulimwambia." Bibi akaketi kizingitini. "Kumbe umemwonyesha ngazi."

Kwao Java kondo la nyuma si taka. Ni mdogo wake mtoto, kaja duniani nyuma ya kaka yake. Baba huliosha kwa mikono yake, hulitia chunguni pamoja na maua, hulizika karibu na nyumba, na kila usiku huliwashia koroboi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Asiyewashiwa hutangatanga. Wagiran aliyajua yote hayo tangu utotoni. Alibana mafuta tu, akafanya na mzaha kidogo.

"Tangu asubuhi mtoto hajashika titi," Tumirah akanong'ona. "Mwenzake anamwita. Asiponyonya usiku huu, baba, utachimba shimo la pili. Kawashe taa ya watu wa meli, kisha weka koroboi hapa shimoni. Iache hapa hapa. Usiingie nayo ndani."

Wagiran akaenda. Saa kama ile membe huwa wanarudi miambani kwa maelfu, kelele zao zinaziba masikio. Jioni ile walikuwa wametua kwenye ukuta wa mnara, wamebanana, kimya. Wote wametazama mlango.

Ndani kulinuka damu, na yale maua aliyoyatia chunguni.

Akapanda. Ngazi zilikuwa na mchanga mbichi... umeburuzwa. Unapanda tu, haushuki. Akafika juu, akawasha, akageuka haraka.

Nyuma ya kioo cha taa, kitu kikafyonza.

Mfyonzo mdogo. Kama mtoto anayetafuta titi gizani.

Wagiran alishuka ngazi mbilimbili, akamimina mafuta ya kupikia yote kwenye koroboi, akaiwasha, akapiga magoti shimoni. "Nisamehe, mwanangu," akasema, na machozi yalikuwa ya kweli. "Taa yako hii hapa. Njoo ulale."

Popo wakamiminika kutoka pangoni, wakaukwepa mkadi. Mlango wa mnara ukalia... kwiii. Mchanga ukaanza kuchakarika.

Srrr... Srrr...

Unakuja.

Mara ndani ya nyumba kilio cha mtoto kikakatika.

Amekufa, Wagiran akawaza. Hakuwaza kingine. Akaruka, akakimbilia ndani, na koroboi alikuwa nayo mkononi.

Kizingitini upepo ukaipuliza, ikazima. Giza likatanda, na kitu chenye ubaridi kikampitia kifundoni.

"Rukmini!"

"Shhh..." Sauti ya mkewe ilitoka kitandani, imejaa furaha. "Polepole, mume wangu. Ananyonya."

Wagiran akajishika ukutani, akalia kwa raha. Mfyonzo ule aliusikia, wa nguvu, wa mtoto mwenye njaa.

Halafu kutoka pembe ya pili ya chumba, Tumirah akanong'ona:

"Nani ananyonya? Mtoto ninaye mimi."

Hakuna aliyethubutu kuwasha taa. Alfajiri mtoto akashika titi la kulia, akanyonya, na mpaka leo ni mzima, anenepa. Kuhusu usiku ule Rukmini haulizwi, wala hasemi.

Ila kila magharibi huzima taa ya chumbani kwa mkono wake mwenyewe. Humlaza mtoto ubavuni kulia, na kushoto huacha nafasi. Wagiran hulala sakafuni. Juzi alijaribu kuijaza nafasi ile kwa mto.

"Uondoe," Rukmini akamwambia taratibu. "Utamlalia."