Macho ya Stella Kwenye Uso wa Mama Yangu

Nina miaka thelathini na minane, nakaa hapa Dodoma mjini, na nasema mapema kabisa: sitaki pole ya mtu! Pole nimepewa mpaka zimenichosha. Nataka mnisikilize tu, mkimaliza mwende mkafanye ninachowaambia.

Mama yangu alifariki nikiwa na miezi tisa. Sura yake siijui. Ningeijulia wapi? Nililelewa Hombolo na dada yake, mama mkubwa, na katika dunia hii yote mama yangu aliacha picha moja... moja tu! Picha ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, imebandikwa kwenye kadi yake ya kipaimara.

Mwaka mmoja bati lilivuja juu ya sanduku la mama mkubwa. Ukungu ukaila ile picha. Nywele zilibaki, paji la uso lilibaki, kidevu kilibaki. Katikati ni doa tupu! Nimekua nikimtazama mama asiye na macho wala mdomo. Wenzangu waliambiwa wamefanana na mama zao.

Halafu nikaolewa na fundi picha. Mkosi wangu huo!

Gasper alikuwa na studio ndogo, anapiga harusi, sendoff na mahafali. Picha za zamani alikuwa anazisafisha vizuri sana, hilo simnyimi. Siku moja akaniambia, "Rehema, niletee hiyo kadi. Nitakurudishia mama yako."

Jamani... nani angekataa?

Alinieleza kazi yenyewe inavyokwenda. Picha ukiipitisha kwenye skana, inaingia kwenye kompyuta ikiwa ya kijivu. Yeye anaibadilisha iwe faili la leya, yaani kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya chini kabisa ni ile picha yenyewe ya kijivu. Juu yake anaweka karatasi ya rangi ya ngozi, juu tena ya nguo, juu tena ya nywele. Pembeni ya kila leya kuna alama ya kijicho. Ukibofya kile kijicho, leya inajificha, unaona kilichopo chini yake.

Kadi yenyewe ilimfia mikononi. Alisema alipokuwa anaibandua picha ilimeguka yote, akaitupa. Nilipiga kelele! Akanituliza kwamba nisihofu, mama yumo kwenye kompyuta.

Wiki zile za kazi, Stella alikuwa haishi kuja studio. Stella ni nani? Shoga yangu! Tumesoma darasa moja, ndiye aliyenisimamia siku ya harusi, ndiye aliyenishikia shela. Alisema anakuja kumsaidia Gasper kupokea wateja kwa kuwa mimi nashinda kazini. Na mimi mjinga nikamshukuru. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini nani anasikiliza wahenga akiwa na furaha?

Picha ikatoka. Kubwa, ya rangi, ina fremu. Mama yangu ananitazama! Macho makubwa, maangavu, na mdomo unaotaka kutabasamu. Nilipiga magoti sebuleni nikalia kama mtoto.

Kwa miaka miwili nilikuwa namsalimia yule mwanamke kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilikuwa namwambia shida zangu. Hata nilipoanza kuona Gasper amebadilika, simu anailaza kifudifudi, nilikwenda kumwambia yeye. Nilimwambia yeye!

Na Stella akija nyumbani alikuwa anakaa kwenye kochi, anainua uso anaitazama picha, anasema, "Mama yako alikuwa mzuri jamani... yale macho!"

Hebu fikirini huo uso mkavu!

Mtu pekee aliyenionya ni mama mkubwa. Alikuja mjini kutibiwa, akasimama mbele ya fremu muda mrefu. Akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nikamwambia, "Mama mkubwa, si mdogo wako!"

Akasema, "Mdogo wangu jicho lake la kushoto lilikuwa dogo. Kama hilo lako."

Hapo alinigusa pabaya. Jicho langu hili la kushoto nimetaniwa nalo toka shule ya msingi, nalichukia. Nikamjibu kwa ukali kwamba huo ni uzee, amesahau. Akasema, "Haya, mwanangu," akanywa chai yake. Hakurudia tena maneno hayo.

Tukapanga kujengea kaburi la mama. Fundi wa marumaru akaomba picha ya mama aichapishe kwenye kigae, akasema faili nililomtumia ni dogo, nimpe kubwa. Ilikuwa Jumamosi mchana, Gasper amekwenda Zuzu kupiga harusi. Kompyuta yake ya kukunja alikuwa ameiacha mezani. Nikasema, kwani shida nini? Nikaifungua mwenyewe.

Faili nikalipata. Leya zikajipanga pembeni, kila moja ina jina lake. Nikaona "ngozi". Nikaona "gauni". Halafu nikaona "mdomo Stella"... halafu "macho Stella".

Nilisoma mara tatu. Nikabofya kile kijicho. Macho ya mama yangu yakapotea!

Nikabofya cha mdomo, mdomo ukapotea. Nikazima na rangi zote. Ikabaki ile ya chini, ya kijivu, na doa lake. Lakini sikilizeni... Gasper alikuwa ameiongezea mwanga, na ndani ya doa upande wa kushoto palikuwa na jicho! Jicho moja, dogo, linanitazama.

Lilikuwa jicho langu mimi! Mama mkubwa alikuwa sahihi. Na mume wangu aliliona, kisha akalifunika! Alilifunika kwa sababu jicho moja lingempa kazi ya kutafuta la pili linalofanana nalo, na ya Stella yalikuwa pale karibu, mawili, tayari.

Nilimtazama mama yangu dakika chache tu. Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Lakini nikaona faili jingine lina jina la Stella. Nikalifungua. Za mwanzo zilikuwa picha za uso, za kazi. Zilizofuata hazikuwa za kazi. Stella amevaa kitenge changu. Stella amelala kwenye kitanda changu, anacheka na mpiga picha!

Sijui nilikaa pale muda gani. Nilisikia pikipiki, Gasper akaingia na mikoba ya kamera. Alitazama uso wangu, akatazama kompyuta, akaelewa.

Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Nikaibeba ile kompyuta, nikatoka nayo uani. Akanifuata mikono juu, analia, "Rehema, nipige mimi! Hiyo usiivunje, mama yako yumo humo! Sina nakala nyingine!"

Nilimsikia vizuri sana. Msije mkasema sikusikia. Nilichofikiri ni kwamba ananidanganya, anataka kuziokoa picha za hawara yake. Nikamwambia, "Mama yangu usimtaje na mdomo huo!"

Nikaipigiza kwenye ngazi ya saruji. Mara ya kwanza, mara ya pili... ya tatu nikaitumbukiza kwenye pipa la maji. Na nilijisikia vizuri, nasema kweli! Nilijiona nimeshinda.

Baada ya siku tatu akili ikarudi. Nikaipeleka kwa mafundi wanne. Wote waliniambia neno moja: diski imepasuka, dada, hakuna kitu. Mafaili yale mengine, ya kwenye simu na nililompa fundi wa marumaru, yote yalikuwa ya picha iliyokamilika. Leya zimeshaunganishwa, huwezi kuzitenganisha tena. Yote yana macho ya Stella.

Kwa hiyo Gasper, mwongo yule, siku hiyo moja alisema kweli. Nimemfukuza, tumeachana, wanaishi pamoja huko mitaa ya Nkuhungu, na simtakii heri hata kidogo. Atakayeniambia nimsamehe kwa sababu mwanaume ni mwanaume, aanze yeye kumpa shoga yake mumewe!

Ile fremu nimeigeuzia ukutani. Kuichoma siwezi, paji la uso ni la mama yangu, kidevu ni cha mama yangu. Kuitazama nako siwezi. Kaburini tumeandika jina tu.

Mwezi uliopita nilikutana na Stella soko la Majengo, tukatazamana uso kwa uso kwenye mafungu ya nyanya. Siku hiyo nilikuwa nimeisubiri kwa hamu! Matusi yalikuwa tayari mdomoni. Akainua macho akaniangalia... Miaka miwili yale macho yalikuwa mama yangu. Mdomo wangu ulifunguka, likatoka neno moja, "Mama." Mbele ya wauza nyanya! Yeye akakimbia, mimi nikabaki nimeshika mfuko wangu, nalia.

Ndugu zangu wasomaji, kama una picha moja tu ya mtu wako aliyelala, usimpe hata mumeo kabla hujatoa nakala. Iweke ya kijivu vilevile, na madoa yake, kwa watu wawili au watatu. Usiogope doa. Na siku ukimfumania mtu wako, weka mikono nyuma kwanza, umuulize ulichoshika ni cha nani. Hasira hasara, tunaimbiwa tangu utotoni. Gasper na Stella waliniibia ndoa na hiyo naweza kuwadai mbele za Mungu. Lakini jicho la mama yangu nililivunja mimi, kwa mikono yangu hii, na sina wa kumdai.