Waliofungiwa Nje

Lipu ya ukuta wa mji ilikuwa inatoa mafuta. Kipara, mwashi aliyetumwa kuziba ufa karibu na lango la bandari, aliibandua kwa mwiko ikavutika kama utando wa maziwa. Harufu ikamkaba: kidonda, jasho, samaki wa juzi. Ndani mlikuwa na nywele, na katikati ya nywele, jino.

Mchana alipofika nyumbani, mkewe alimzibia njia mlangoni.

"Baba watoto, umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga kitu."

Akaoga mara tatu. Kila akisugua kucha, yalitoka mafuta meupe. Tonge la kwanza likaja na unywele, akauvuta, nao ukazidi kuja kutoka kooni, mrefu, wa moto, mpaka akatapika, na matapishi yenyewe yakanong'ona pale sakafuni kwa sauti za watu wengi waliobanana: "Tufungulieni."

Wakamwendea shangazi wa mkewe, mganga asiyependa maneno mengi.

"Zamani ilikuja meli yenye tauni," alisema kwa sauti ya chini. "Wakubwa wakafunga lango. Wagonjwa wakafia nje, chini ya ukuta, mafundi wakawachanganya na chokaa, wakazibia nyufa. Tunajisifu kuwa ukuta huu haujawahi kuvunjwa. Hilo lingine hatulisemi."

"Sasa wanaonisumbua ni wafu, shangazi, au majini?"

"Maiti asiyezikwa ni nyumba tupu, mwanangu. Jini huhamia. Watoe, tuwazike."

Kesho yake, jua la saa sita likiwaka, Kipara alibomoa ufa ule akiokota mifupa iliyonata vidoleni kama uji uliolala, akitapika na kuokota, akiokota na kutapika, huku kitu chenye ulimi baridi kikimlamba sikio, hadi shimo likabaki tupu. Mganga akafukiza ubani. Wakaizika mifupa makaburini, ndani ya mji, kwa heshima zote. Harufu ikakatika.

Siku tatu walikula vizuri. Ya nne, Kipara alimkuta mkewe amepiga magoti chumbani, analamba ukuta. Chokaa ilikuwa imemkwangua ulimi, damu na ute mweupe vikimchuruzika kidevuni.

"Mama watoto, acha hiyo."

Akageuka taratibu, akameza. Zikamtoka sauti zile nyingi, zimetulia kama za wenyeji.

"Mlango mliotufungulia uache wazi," zikasema. "Wenzetu wako njiani."