Yaya Karimu Anasikiliza

Kama hunijui, basi wewe si mtu wa Rumonge. Mimi ndiye Dije Feruzi. Shule niliacha mwaka wa saba, mwalimu akasema nitaishia kubeba mizigo bandarini. Leo mwalimu huyohuyo akishanywa mbili anakuja kuniomba rumba. Spika zangu ni nne, kila moja inanifika kifuani, na zote zinatazama ziwa. Kabare, baa za kwetu, ziko kumi na moja pale ufukweni. Hakuna inayonishinda kelele.

Nisidanganye, mtaa ule naupenda na kuuchukia. Unalisha nyumba yetu. Lakini walevi walikuwa wakikojoa kwenye ua wa bibi Generoza kila usiku, na mama yangu, Hadjara, akipita pale alijifunika mtandio hadi puani, kana kwamba anayepiga kelele mle ndani si mwanawe.

Aliyenitetea ni kaka yangu mkubwa tu, na kwetu kaka ni yaya: yaya Karimu, mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani. Umeme wetu unakatika ovyo, pwani nzima inakuwa giza, zinabaki jenereta za kabare. Wavuvi wakipotea wanafuata muziki.

"Mudogo," alikuwa akinitania, "muziki yako ni ya ovyo kabisa, lakini iko barabara yangu."

"Basi ucheze ukipita," namjibu.

Siku ile ilikuwa Jumanne ya kawaida. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye spika, Naomie, mhudumu wetu, anachoma samaki wa mukeke, wateja wawili wanabishania mpira. Mama akaingia. Ndani ya kabare! Hajawahi.

"Generoza amefariki," akasema. "Jirani akiwa na msiba, watu wanazima. Hata wewe, mwanangu. Leo tu."

Siku nyingine ningemcheka. Siku ile, sijui, niliona aibu. Nikazunguka zile kabare nyingine kumi, nikawatisha kwa jina langu, wote wakazima. Nikazima na jenereta, maana petroli yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi. Mama alinishika shavu. Nikajiona mtu mzima.

Upepo ulianza saa mbili usiku, umeme umeshakatika.

Alfajiri walipatikana wavuvi watatu wa mtumbwi wa yaya, upande wa Kigwena, wameng'ang'ania ubao. Wa nne, Karimu, hapana. Baraka, mmoja wa wale watatu, alinieleza bila kunitazama usoni.

"Pwani hatukuiona. Yaya yako akasema, zima mashine, tusikie muziki ya mudogo wangu iko wapi. Tukazima. Tukasikiliza. Wimbi likatupiga ubavuni."

Walisikiliza, jamani. Mimi nilikuwa nimelala.

Mama hakuniuliza neno, nami sikumuuliza. Matanga aliyakataa, maana maiti haijaonekana. Siku ya saba, magharibi, alikuja na mkeka wake, akautandika katikati ya meza za walevi, akakaa akitazama maji.

"Piga," akasema.

Nikapiga. Kila jioni. Hata walevi wakawa wanainua viti badala ya kuviburuta, wasimsumbue.

Jioni ya tisa, kati ya wimbo na wimbo, tukasikia mashine ya mtumbwi. Inakuja. Kisha ikazimwa.

Tukatazama. Mwanga bado ulikuwepo. Maji yamelala. Hakuna mtumbwi.

Mtu alikuwa amezima ili asikilize.

Naomie alidondosha sinia. Mama hakugeuka.

"Endelea," akanong'ona. "Hajaiona pwani."

Kesho yake ilikuwa karibu zaidi. Keshokutwa, zaidi. Kila niliponyamazisha muziki, kule majini nako mashine ilizimwa. Wateja wakahama. Kabare tatu zikafungwa, kisha sita. Mimi nisiyeogopa mtu nilikuwa napiga nimelipa ziwa mgongo.

Jioni ya kumi na tano petroli iliisha. Wimbo ukakatika katikati.

Kimya.

Mashine ilikuwa palepale. Hatua kumi kutoka mchangani.

Safari hii haikuzimwa.

Nilimnyakua mama, mwepesi, mifupa na kitenge, nikakimbia naye nyumbani, nyuma tu ya kabare. Nikatia komeo. Alikuwa analia bila sauti.

"Mama, yule si yaya."

"Ni mutoto wangu," akanong'ona. "Na mimi ndiye niliyekuambia uzime."

Ndiyo mara ya kwanza neno lile kutoka. Nilitaka kumwambia kwamba aliyezima ni mimi, mkono ulikuwa wangu. Mdomo huu unaojisifu mji mzima ulikataa kufunguka. Nikalala mlangoni, mgongo kwenye mbao. Nikasema nitamwambia asubuhi.

Asubuhi komeo lilikuwa mahali pake. Mimi mahali pangu. Kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa. Yeye hayupo.

Nje watu wamesimama, wanatazama chini. Mchangani palikuwa na alama ya mtumbwi uliovutwa, mtumbwi mkubwa, wa kuvutwa na watu wanane. Ilitoka majini, ikapita kati ya kabare, ikafika kizingitini petu. Kando yake hakuna unyayo hata mmoja. Sambamba nayo kulikuwa na nyingine, inarudi ziwani.

Baraka alipiga magoti, akaingiza mkono ndani ya kila alama. Ile ya kuja ilimfika vidoleni. Ile ya kurudi ilimfika kwenye kiwiko.