Mkuu wa Kaya

"Nijibu leo," Fundi alisema, akakata uzi kwa meno. "Unanioa, au nitafute mwingine wa kukalia hilo benchi?"

Seremala alikuwa amelikalia benchi hilo la kibanda cha cherehani msimu baada ya msimu, akinywa chai ya bure na kumtazama mwenye mashine akishona. Akiulizwa habari ya ndoa, alisema tukivuna. Wakivuna, alisema mvua zikianza. Watu walishambatiza Bwana Kesho.

"Tukioana tunakuwa kaya moja," alisema hatimaye. "Kaya moja, mgao mmoja wa mbolea ya ruzuku. Sasa hivi wewe unapata mifuko yako, mimi yangu. Mmoja wetu itabidi aache."

"Kumbe nashindana na mbolea."

"Sikusema hivyo."

"Basi kaoe gunia. Halina mdomo."

Seremala aliondoka bila kumaliza chai, na hiyo haikuwa kawaida yake. Fundi aliumia, asikuambie mtu. Alimpenda yule mwanamume na kiburi chake chote.

Shangazi yake, aliyekuwa akipukuchua mahindi mlangoni, alisikia yote na dawa alikuwa nayo: waoane kimyakimya, ofisini wasiseme neno. Mbona mwenye duka ana mke mmoja na kaya tano kwenye orodha ya ruzuku, mojawapo ya marehemu baba yake? Fundi hakutaka kusikia. Kwa ajili ya kaya hizo za mwenye duka, mwaka jana watu walirudi kutoka ofisini mikono mitupu, naye akiwemo.

Siku zikapita, benchi tupu. Kila baiskeli ikipita aliinua shingo, kisha akajifanya anatafuta mkasi.

Asubuhi moja ukaingia ujumbe kwenye simu:

"Mkulima, kaya yako imeongezewa mwanakaya: mume. Mgao wake binafsi umefutwa. Fika ofisi ya kilimo kuthibitisha au kukataa."

Akausoma, akaurudia. Mume? Alitoka mbio, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Foleni ya wakulima ilikuwa imefika uani. Seremala alikuwa amekaa mbele ya meza ya bwana shamba, amevaa shati alilomshonea yeye.

"Umefanya nini?" Fundi akauliza.

"Nimefuta jina langu. Mwaka jana ulikosa mbolea, nikakuona unavuna magunzi. Nikaapa sitakuoa halafu ukose tena. Sasa nimeona afadhali nikose mimi."

"Si ungeniambia?"

"Mdomo ulikuwa mzito."

"Na mkuu wa kaya ni nani?"

Foleni ikasogea kusikia. Huyu mwanamume, ambaye hata nyundo yake haruhusu mtu aishike, aliangalia sakafu.

"Nimewaambia ni mwenye cherehani."

Bwana shamba akasogeza mashine ya alama za vidole. "Haya mama, unakubali?"

"Sikubali," Fundi alisema. "Serikali imeniposa kabla yake. Aniambie mwenyewe, hapa hapa."

Mtu mmoja kwenye foleni akakohoa. Seremala alisimama, kofia mkononi.

"Nakupenda. Tangu uliponishonea shati hili, mkono mmoja mfupi, ukasema aliyepinda ni mimi. Uwe mke wangu. Pengo la mbolea tutaliziba na samadi ya mbuzi wako."

"Mbuzi wangu hawakupendi."

"Watanizoea. Wewe si ulinizoea?"

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka, mbele ya watu wote wale, wala hakuona haya. Akabonyeza kidole gumba. Foleni ikapiga makofi, na bibi mmoja akauliza kama harusi nayo ina ruzuku.

Nje, mifuko ya mgao wao ilikuwa imeshawekwa ukutani. Seremala akanyoosha mkono ashike wa Fundi. Fundi akampa, akaubana kwa nguvu, kisha akauachia na kumwonyesha ile mifuko.

"Beba, mume wangu," alisema. "Mkuu wa kaya habebi."