Likizo Iliyosemekana Imepotea

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Christa alichota maji kwa bidoni mbili na kuwasha makala ya kupikia. Mama yake, Henriette, alitoka mapema kwenda kufua mashuka katika hoteli moja karibu na ziwa. Waliishi wawili tu katika mtaa wa Katoyi, mjini Goma.

Siku moja mjomba Ntirenganya alipiga simu kutoka kijijini Kibumba. Koko, yaani bibi yake Christa, alikuwa ameteleza shambani na kuvunjika mguu.

"Mimi mwanamume siwezi kumwogesha mama," mjomba alisema. "Dada, uje."

Kesho yake Henriette alirudi kutoka kazini macho yakiwa mekundu.

"Wamekupa ruhusa, mama?" Christa aliuliza.

"Niliomba likizo. Msimamizi anasema ile ya mwaka jana imepotea kwa sababu sikuichukua, na sasa wageni ni wengi. Nikienda, ataweka mutu mwingine pahali pangu."

"Lakini mwaka jana ni yeye aliyekukatalia."

"Nyamaza, mutoto wangu. Kazi ikipotea, tutakula nini?"

Asubuhi Christa alimfuata mwalimu wake, Evariste, kabla ya kengele.

"Mwalimu, nitaacha masomo kwanza. Naenda Kibumba kumuuguza Koko."

"Mama yako hawezi kwenda?"

Christa alisita. Nyumbani kwao mambo ya ndani hayakusemwa nje. Mwishowe alieleza yote.

"Wewe bado mutoto, pahali pako ni hapa," Evariste alisema. "Likizo ni haki ya mfanyakazi. Mwajiri hawezi kuikataa kisha aseme imepotea. Mama aende kwa inspekta wa kazi wa serikali. Akipenda, nitamsindikiza."

Henriette aliposikia hayo alikasirika. "Umepeleka shida zetu shuleni? Wakinifukuza je?"

"Naogopa Koko atakufa bila wa kumuuguza," Christa alisema, akaanza kulia.

Ndipo Henriette alipoona begi la nguo ambalo binti yake alikuwa amekwisha kufunga. Alizitoa nguo zile moja moja, kisha akasema atakwenda kwa inspekta.

Siku iliyofuata alikwenda na mwalimu. Inspekta, Mama Munyakazi, alimsikiliza, kisha akamwita msimamizi wa hoteli.

"Wageni wamejaa," msimamizi alijitetea.

"Sawa, papa," inspekta alimjibu kwa heshima, "lakini ninyi ndio mlimkatalia. Mapumziko yake bado yapo, na akirudi ataikuta kazi yake. Na kama siku moja mtaachana kikazi kabla hajayachukua, mtamlipa fedha za siku hizo."

Msimamizi akakubali.

Huko Kibumba, Henriette alimkuta Koko amekonda, mgongo umejaa vidonda kwa kulala upande mmoja. Alimwogesha, akamgeuza, akamlisha uji kila siku. Vidonda vilikauka polepole, ingawa mguu haukunyooka tena kama zamani.

Aliporudi Goma na kushika tena kazi yake, alimwita Christa waketi pamoja.

"Nilifikiri nikinyamaza ninalinda kazi yetu," alisema. "Kumbe nilikuwa karibu kumpoteza mama yangu, na wewe masomo yako. Ukiwa mkubwa, fanya kazi kwa bidii. Lakini haki yako uidai kwa heshima, na ukishindwa peke yako, usione haya kutafuta mutu wa kukusaidia."